Maji Yakivunjika, Uzi Utolewe

"Huo uzi usiguswe." Hiyo ndiyo kauli ya kwanza kutoka pale mama aliyeshonwa mlango wa kizazi anapovunja maji kabla ya miezi kutimia. Mama mkwe huisema. Mume aliyeuza ng'ombe ili alipie mshono huo huisema kwa uchungu zaidi. Wakati mwingine hutoka kwa wahudumu wa afya wenyewe, imevishwa maneno ya kitaalamu: tuuache uzi kwanza, tumpe dawa, tungoje tuone. Msingi wake ni ule ule, kwamba uzi ndio uliomshika mtoto, na atakayeukata ndiye atakayekuwa amemtoa.

Naipinga kauli hiyo, ingawa najua wengi wanaisema kwa mapenzi. Hakuna mwanamke anayeshonwa mlango wa kizazi bila sababu. Anayefika kwenye meza ya kushonwa mara nyingi amekwisha kupoteza mimba moja, mbili au tatu, zote zikiwa za miezi minne au mitano, na zote zikimtoka karibu bila uchungu: mlango ulifunguka kimyakimya, akashtukia mtoto anakuja. Akishonwa, uzi ule unakuwa tumaini la nyumba nzima. Kumwambia sasa utolewe, naye ana wiki 27 tu, ni kumtwisha mzigo mkubwa. Hata hivyo lazima aambiwe. Na hapa kwetu, Nakuru na sehemu hii ya kati ya Bonde la Ufa, ana haki ya kuambiwa mapema na waziwazi, kwa sababu kungoja na uzi ndani kunamgharimu mama wa huku zaidi kuliko mama wa miji mikubwa ya ng'ambo.

Tuanze na kazi ya uzi wenyewe. Daktari Shirodkar wa Bombay alieleza namna yake ya kushona mwaka 1955, na Ian McDonald wa Melbourne akaleta njia nyepesi zaidi mwaka 1957. Njia hiyo ya McDonald ndiyo inayotumika sana hadi leo. Sindano inazungushwa pembeni mwa mlango wa kizazi, kipande kwa kipande, kisha uzi unavutwa na kufungwa fundo. Kwa kawaida mshono unawekwa mimba ikiwa na wiki 12 hadi 14, au baadaye kidogo iwapo picha ya altrasaundi imeonyesha kwamba mlango umekuwa mfupi. Ukienda vizuri, unatolewa wiki ya 36 au 37, mama akangoja uchungu wake kama wengine.

Watu wa Molo na Kinangop, ambao viazi ndio maisha yao, hueleza mshono huu kwa mfano wa gunia: ukifunga mdomo kwa kamba, kilichomo hakitoki. Mfano huo unaeleweka upesi, nao ndio unaopotosha. Gunia halijikazi ili kusukuma viazi nje. Mfuko wa uzazi unajikaza, tena ni msuli wenye nguvu nyingi. Na kamba ya gunia haijali kama ndani ni kukavu au kumelowa, ilhali mshono wa mlango wa kizazi una maana pale tu ambapo chupa ya maji iko nzima. Kazi yake ni kuufanya mlango ubaki mrefu na umefungika, ili ule utando unaomzunguka mtoto usiteremke ukeni na kukutana na bakteria wanaoishi huko. Utando ukishapasuka, kilichokuwa kinalindwa kimeondoka. Njia kati ya uke na mtoto imefunguka, na katikati ya njia hiyo kumebaki uzi, kitu kigeni ambacho bakteria hukishikilia vizuri kabisa.

Uchungu nao ukianza, uzi hauuzuii. Mfuko unajikaza, mlango unavutwa kufunguka, uzi unakataa kuachia, na kinachokubali ni nyama. Mlango wa kizazi unachanika, wakati mwingine vibaya, na damu inayotoka hapo si ya kuzuiwa kwa pamba. Katika hali mbaya zaidi ni mfuko wenyewe unaopasuka. Mama akipona anabaki na kovu, na mimba ijayo inaanza na mlango dhaifu kuliko ule uliomfanya ashonwe. Wanaosema uzi usiguswe kwa ajili ya mtoto huyu mara nyingi hawamfikirii mtoto atakayefuata.

Wengi huogopa kutolewa uzi kwa kudhani ni upasuaji wa pili. Mama analala chali, miguu imekunjwa. Mhudumu anaingiza spekula na kuielekezea taa hadi mlango wa kizazi uonekane. Anatafuta fundo, ambalo aghalabu liko upande wa mbele, likiwa na mkia mfupi wa uzi ulioachwa makusudi kwa siku kama hii. Analishika fundo kwa koleo ndefu, analivuta taratibu, anapitisha ncha ya mkasi chini yake na kukata upande mmoja tu. Kisha anavuta, na uzi wote unatoka mzima. Kwa mshono wa McDonald, mara nyingi kazi hiyo ni ya dakika chache, wala haihitaji mama alazwe usingizi. Ule wa Shirodkar, uliozikwa chini ya ngozi, unaweza kuhitaji thieta na ganzi. Na uko mwingine unaowekwa kwa kupasua tumbo, juu kabisa ya mlango wa kizazi. Huo hauguswi kwa njia hii, na mama wake huzaa kwa upasuaji. Ndiyo maana ni lazima ijulikane alishonwa mshono gani. Nitalirudia hilo.

Sasa nije kwa hoja ya wataalamu, kwa maana ndiyo yenye uzito. Wanasema: kila siku mtoto anayokaa tumboni kabla ya wiki ya 34 ni faida. Uzi upo tayari, mama hana homa, hana uchungu. Kwa nini tuharakishe? Hoja hiyo si ya kipuuzi. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, hakikutoa amri: kilisema kuutoa au kuuacha, yote mawili yanaweza kukubalika. Wanaotaka kungoja hushika maneno hayo. Lakini mwongozo huo huo unakataza kurefusha antibiotiki za kinga kupita siku 7 eti kwa sababu uzi bado umo ndani. Nao ulitungwa kwa ajili ya mama aliyelala kitandani katika wodi yenye daktari usiku na mchana, maabara inayojibu ndani ya saa moja, na nasari ya watoto wachanga ghorofa ya juu.

Je, uzi ukiachwa mimba inarefuka kweli? Jaribio lililolipima swali hili kwa kuwagawa wanawake kwa kura lilichapishwa Marekani mwaka huo huo wa 2014. Waliingia wanawake 56 waliovunja maji uzi ukiwa ndani, mimba zao zikiwa kati ya wiki 22 na karibu 33. Wanawake 32 walipangiwa kutolewa uzi, 24 wakapangiwa kuachiwa. Baada ya wiki moja, waliokuwa bado hawajajifungua ni asilimia 56 ya wale waliotolewa na asilimia 46 ya wale walioachiwa. Maambukizi ndani ya mfuko wa uzazi yaliwapata asilimia 25 ya waliotolewa na asilimia 42 ya walioachiwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kutimiza idadi iliyokusudiwa, kwa kuwa dalili zilionyesha halingeweza kuthibitisha faida iliyokuwa ikitafutwa. Idadi hiyo ni ndogo, na kwa hesabu za kisayansi tofauti hizo haziwezi kuitwa hakika. Nalikubali hilo bila shida. Lakini anayedai kwamba uzi unamshika mtoto ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na jaribio la pekee la namna hiyo ninalolijua halikumpa hata dalili ya kumsaidia. Namba zote mbili zilielekea upande usio wake.

Wako pia wanaosema kwamba hatari ilikuwa ya nyuzi za zamani zilizosokotwa, na kwamba uzi laini wa kisasa unaweza kuachwa. Uingereza ililipima suala la aina ya uzi kwa wanawake zaidi ya 2,000, matokeo yakatoka mwaka 2022: aina ya uzi haikubadilisha idadi ya mimba zilizopotea.

Mwongozo ninaouona una busara zaidi ni wa chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza. Unasema hivi kwa ufupi: kama mama amevunja maji kati ya wiki 24 na 34, hana dalili ya maambukizi wala uchungu, kuuchelewesha uzi kwa saa 48 kunaweza kufikiriwa, ili apate sindano za kukomaza mapafu ya mtoto na ahamishiwe hospitali inayoweza kumtunza mtoto mdogo. Kuuacha hadi uchungu uanze hakupendekezwi, kwa sababu hatari ya maambukizi kwa mama na mtoto inapanda. Kabla ya kipindi hicho, na baada ya wiki ya 34, kuuchelewesha hakuelekei kuwa na faida.

Hizo saa 48 ndizo zinazotumiwa vibaya. Mtu anasikia saa 48, anaelewa "tungoje". Saa hizo zina kazi za kufanywa ndani yake. Deksamethasoni, ile sindano ya kukomaza mapafu, inachomwa miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Erithromisini, ambayo ni antibiotiki, inaanzwa ili kuchelewesha maambukizi. Ikiwa mimba haijafika wiki 32 na kujifungua kunaelekea kuwa karibu, magneziamu salfeti inatolewa ili kulinda ubongo wa mtoto, dawa ile ile ambayo wodi zetu zinaiweka kwa ajili ya kifafa cha mimba. Gari linaitwa, hospitali inayopokea inapigiwa simu, nasari inaulizwa kama ina nafasi na mashine ya kumsaidia mtoto kupumua. Saa 48 zikiisha, uzi unatoka. Na zisipoisha lakini mama akapata homa, au moyo ukaanza kwenda mbio, au tumbo likauma kwa kuguswa, au maji yakanuka, au mapigo ya mtoto yakapanda, uzi unatoka saa hiyo hiyo na mipango ya kuzalisha inaanza. Mama aliyelazwa siku mbili bila lolote kati ya haya kufanyika ameongezewa siku mbili za hatari, basi.

Faida ya sindano hizo si hadithi ya kigeni. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki katika jaribio la Shirika la Afya Duniani lililotoa majibu mwaka 2020: vifo vya watoto wachanga waliozaliwa mapema vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata deksamethasoni na asilimia 23.5 kwa wasiopata. Jaribio hilo lilifanyika katika hospitali zenye uwezo. Miaka mitano kabla ya hapo, jaribio jingine ambalo Kenya pia ilishiriki lilisambaza sindano hizo hadi vituo vya chini, ambako utunzaji uliofuata haukuwa wa uhakika. Huko vifo vya watoto wadogo havikupungua, na akina mama walioshukiwa kuwa na maambukizi waliongezeka. Funzo lake kwa Bonde la Ufa ni la moja kwa moja. Sindano pekee haiokoi. Inaokoa ikiwa mama yuko, au anafikishwa kwa wakati, mahali ambapo mtoto atapokelewa na mikono inayojua.

Hapa ndipo nagombana na wale wa upande wa pili, wanaokata uzi papo hapo katika zahanati na kumwambia mama achukue matatu aende Nakuru. Mama wa wiki 28, asiye na homa wala uchungu, ambaye angefika na uzi wake, sindano ya kwanza ikiwa imeingia na barua ya rufaa mkononi, sasa anaweza kushikwa na uchungu barabarani kati ya Olenguruone na Molo, katika matope ya mwezi wa tano. Nikisema uzi utolewe simaanishi utolewe popote na wakati wowote. Utolewe kwa saa iliyopangwa, mahali palipo na mtu wa kumpokea mtoto, isipokuwa kama maambukizi au uchungu umeshaanza. Hapo hakuna cha kungoja gari: mwenye ujuzi aliye karibu autoe, dawa ya kwanza ya mshipa iingie, ndipo safari ianze.

Na tusijidanganye kuhusu wiki. Ile 24 ya Uingereza imepimwa kwa nasari za Uingereza. Sheria yetu ya kusajili vizazi na vifo inahesabu aliyezaliwa mfu kuanzia wiki ya 28, na kila anayefanya kazi katika nasari zetu anajua jinsi mtoto wa chini ya hapo anavyopigania uhai. Basi mama anayevunja maji wiki ya 19 au 20, akaachiwa uzi "kwa matumaini", anapewa matumaini gani? Mapafu ya mtoto huhitaji maji yale ili yakue. Yakitoka yote mapema hivyo, hata wiki zikipatikana, mtoto anaweza kuzaliwa bila mapafu ya kuvutia hewa. Wako wachache wanaopona, na mama akitaka kungoja baada ya kuelezwa yote, ana haki yake. Lakini hata huyo angoje uzi ukiwa nje. Kungoja si lazima kuwe na uzi, na watu wengi hawajawahi kuambiwa hivyo: uzi ukitolewa, mtoto hatoki siku hiyo lazima. Katika lile jaribio la Marekani, zaidi ya nusu ya waliotolewa walikuwa bado na mimba zao wiki moja baadaye.

Gharama ya kungoja vibaya dunia imeiona. Savita Halappanavar, daktari wa meno mzaliwa wa India aliyekuwa na miaka 31, aliingia hospitali huko Galway, Ireland, Oktoba 2012, mimba ya wiki 17 ikimharibikia. Maji yakavunjika. Hakuwa na mshono, lakini aliwekwa katika hali ile ile ya kungoja: mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa bado yapo, kwa hiyo ombi lake la kumalizwa kwa mimba likakataliwa. Bakteria wakaingia kwenye damu. Tarehe 28 Oktoba alifariki. Mtoto hakupona, mama hakupona. Ireland ilipiga kura ya maoni mwaka 2018 na kubadilisha katiba yake. Maambukizi ya namna hii hayapandi ngazi moja moja ili tupate nafasi ya kutafakari. Mama anaweza kuwa anaongea na kula asubuhi, na jioni awe hatambui watu. Homa yenyewe inaweza kuchelewa kuja. Moyo unaokwenda zaidi ya mara 100 kwa dakika, bila sababu nyingine, mara nyingi ndio unaotangulia kusema.

Na kumfuatilia mama asiye na utando wa kumlinda kunahitaji watu. Joto na mapigo kila saa chache, usiku kucha, pedi ikaguliwe rangi na harufu, damu ipimwe. Katika wodi yenye muuguzi mmoja na akina mama wengi, ambako mwingine ana kifafa cha mimba na mwingine anatokwa damu, ni nani atakayegundua saa nane za usiku kwamba mapigo yamepanda kutoka 88 hadi 112? Simlaumu muuguzi huyo. Nasema mpango wowote wa matibabu unaotegemea macho ambayo hatuna ni mpango mbaya, hata kama uliandikwa na mabingwa. Mwenye wodi kamili anaweza kujadiliana kuhusu kungoja na uzi. Sisi tuna sababu zaidi ya kuutoa.

Liko pia jambo la vidole. Mama anapofika akilalamika maji, mkono wa kwanza usiwe wa kumpima njia. Kila kidole kinachoingia kinapeleka bakteria juu na kufupisha muda uliobaki. Spekula safi na taa vinatosha kuona maji yakitiririka kutoka mlangoni na kuona uzi ulivyo. Nimesikia ikisemwa kwamba spekula ni kazi ya hospitali kubwa. Si kweli. Kituo kinachopima saratani ya mlango wa kizazi kwa siki kina spekula.

Hofu iliyo chini ya haya yote, ambayo haisemwi kwa sauti, ni ya sheria na lawama. Mhudumu anaogopa kuambiwa ametoa mimba. Familia inaogopa dhambi. Kutoa uzi wa mama aliyevunja maji ni kuondoa kifaa ambacho kimekwisha kazi na kimeanza kudhuru, jambo ambalo lingefanyika wiki ya 37 kwa vyovyote. Na pale mimba yenyewe inapohatarisha maisha au afya ya mama, Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimeruhusu mtaalamu wa afya aliyefunzwa atumie uamuzi wake. Kifungu cha 43(2) nacho kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kwa hiyo maswali ya kama mama amesajiliwa katika bima ya afya ya SHA, kama amelipa, kama mume yuko, yafuate baada ya dripu kuwekwa. Daktari anayeahirisha uamuzi kwa kuogopa ndugu waliosimama mlangoni amewaachia ndugu hao kazi ya udaktari.

Narudi kwenye jambo nililoahidi, kwa kuwa naona hapo ndipo mzizi wa tatizo ulipo huku kwetu. Mama anatoka Kuresoi au Subukia, anashonwa katika hospitali ya mjini Nakuru, analipa, anarudi nyumbani. Kliniki yake ya kila mwezi iko kijijini. Kijitabu chake cha mama na mtoto kinaonyesha uzito, presha na chanjo ya pepopunda. Kuhusu mshono hakuna hata mstari mmoja. Usiku anapovunja maji, boda boda inampeleka kituo kilicho karibu, na anayempokea hajui kama kuna uzi, ni wa aina gani, wala fundo liko upande gani. Mama mwenyewe, akiwa na hofu na aibu, anasema tu kwamba "niliwekwa kitu". Wakati mwingine hata hilo halisemi, kwa sababu mama mkwe amemwonya kwamba wakijua watautoa. Uchungu unakuja, uzi unakata nyama, na mkunga anaona damu asiyojua inakotoka.

Hili halihitaji mashine wala mfadhili. Linahitaji kalamu. Kila anayeshona mlango wa kizazi Nakuru, Naivasha, Nyahururu, Kericho au Kabarnet aandike ndani ya kijitabu, kwa wino unaosomeka: tarehe ya mshono, aina yake, mahali pa fundo, wiki ya kuutoa, na maneno haya kwa Kiswahili: maji yakivunjika, homa ikija au uchungu ukianza, nenda hospitali sasa, usingoje asubuhi. Aandike na namba ya simu ya wodi. Asimruhusu mama aondoke kabla hajayarudia maneno hayo kwa mdomo wake mwenyewe, na mumewe au mama mkwe akiwa amekaa pale anasikia. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu Septemba 2023 wanazunguka vijijini na mikoba yao yenye kipimajoto, waambiwe ni nyumba gani ina mama aliyeshonwa. Serikali ya kaunti iweke mwongozo wa ukurasa mmoja ukutani katika kila chumba cha kujifungulia, unaosema nani anahamishwa, kwa dawa gani, na nani anatolewa uzi hapo hapo.

Wewe uliyeshonwa na unasoma haya, chukua kijitabu chako leo. Kama mshono haujaandikwa humo, rudi kwa aliyekushona akuandikie. Muulize utatolewa wiki gani, na maji yakivunjika kabla ya wiki hiyo uende wapi. Ukiona majimaji ukeni usiyoyaelewa, vaa pedi safi, usijiingize kitu chochote, usilale ukisubiri kama yatakoma, na ukifika hospitalini neno la kwanza litakalokutoka liwe hili: nimeshonwa mlango wa kizazi.